Rodman, Pyongyang na hasira za watu: mchezaji mstaafu akubali mwaliko wa dikteta?

*"Nina rafiki aliyecheza mpira wa kikapu kwa kiwango cha juu na sasa amestaafu. Amealikwa kucheza mechi ya maonyesho katika nchi inayotawaliwa kiimla, nauli na hoteli juu ya wenyeji. Mimi namwambia atalichafua jina lake kama Dennis Rodman alipokwenda Korea Kaskazini. Yeye anasema Rodman alionewa tu: hakuvunja sheria, alipeleka mchezo mahali ambapo milango imefungwa, na yule Mmarekani aliyekuwa kifungoni kule akaachiwa kwa sababu yake. Tena ananiuliza mbona orkestra ya New York ilipiga muziki Pyongyang na hakuna aliyeizomea. Nani kati yetu yuko sahihi? Na akiamua kwenda, afanye nini yasimkute ya Rodman?"*

Ndugu msomaji, chini ya maswali yako yote naona hofu moja: je, Rodman alichukiwa kwa sababu alikwenda, au kwa sababu ya mambo aliyoyafanya alipofika? Ikiwa ni kwenda, basi rafiki yako abaki nyumbani. Ikiwa ni matendo, anaweza kujihadhari. Kwa jinsi mambo yalivyotokea, sehemu kubwa ya hasira ililetwa na mambo ambayo Rodman angeweza kuyaepuka. Ipo sehemu moja, hata hivyo, ambayo mgeni hana namna ya kuiepuka, na ndiyo rafiki yako anapaswa kuipima kabla hajajibu mwaliko.

Tuanze na jinsi hasira ilivyokua, maana wengi wanakumbuka kilele chake tu. Rodman, mchezaji mstaafu wa NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, alifika Pyongyang, mji mkuu wa Korea Kaskazini, mara ya kwanza tarehe 26 Februari 2013, akiwa na wachezaji watatu wa Harlem Globetrotters, timu ya Marekani ya mechi za maonyesho, na wapiga filamu wa kampuni ya Vice. Siku mbili baadaye alikaa bega kwa bega na Kim Jong Un wakitazama mechi ambayo kila timu ilichanganya Wamarekani na Wakorea. Iliisha 110 kwa 110. Wamarekani waliipokea habari ile kwa mshangao na kicheko zaidi ya hasira: bingwa mara 5 wa NBA, mwenye nywele za rangi na pete usoni, ndiye alikuwa Mmarekani wa kwanza kujulikana kuwa amekutana na mtawala huyo kijana. Wapo waliokereka, kwa kuwa wiki mbili tu kabla, tarehe 12 Februari, Korea Kaskazini ilikuwa imelipua bomu lake la tatu la majaribio ya nyuklia, naye Rodman akamwambia Kim kwamba amepata rafiki wa maisha. Lakini bado lilikuwa jambo la kusimuliana na kucheka.

Kilichogeuza upepo ni mambo yaliyorundikana kwa miezi kumi iliyofuata. Kenneth Bae, mmisionari Mmarekani mwenye asili ya Korea, alikuwa amekamatwa Novemba 2012. Tarehe 30 Aprili 2013 alihukumiwa miaka 15 ya kazi ngumu kwa madai ya kutaka kuipindua serikali. Mwezi Mei Rodman alimwomba Kim mtandaoni amwachie Bae, kama mtu anavyomwomba rafiki fadhila, na watu wakaanza kutumaini. Mwishoni mwa Agosti serikali ya Marekani ilikuwa imtume mjumbe wake, Robert King, kwenda kumwombea Bae, lakini Pyongyang ikaufuta mwaliko dakika za mwisho. Siku chache baadaye Rodman akaingia Pyongyang bila kizuizi, na alipoulizwa kuhusu Bae alijibu kwamba hiyo si kazi yake. Mjumbe rasmi amefungiwa mlango, rafiki amefunguliwa, na rafiki hamtaji mfungwa. Hapo ndipo kicheko kilipoanza kukauka.

Desemba mambo yakawa mazito zaidi. Tarehe 12 ya mwezi huo Kim alimuua mume wa shangazi yake, Jang Song Thaek, aliyekuwa miongoni mwa wakubwa wa nchi. Wiki moja baadaye Rodman alikuwa tena Pyongyang akichagua na kunoa wachezaji. Paddy Power, kampuni ya kubahatisha iliyokuwa ikidhamini safari zile, iliondoa jina lake. Nakuomba uliangalie jambo hilo vizuri: kampuni ambayo biashara yake ni kutafuta kelele iliona kelele hizi hazifai. Mdhamini anapojitoa wiki chache kabla ya mechi, ujue ameshahesabu hasara ambayo wewe hujaiona.

Kisha ikaja Januari 2014. Rodman alikwenda na wachezaji wengine wastaafu wa NBA, akiwamo Kenny Anderson, Vin Baker na Charles Smith, kwa mechi iliyopangwa tarehe 8, siku ya kuzaliwa ya Kim. Siku moja kabla walihojiwa moja kwa moja na CNN. Rodman, sigara nene mkononi, alipoulizwa kuhusu Bae alifoka na kutoa maneno yaliyoashiria kwamba Bae mwenyewe alitenda kosa. Kesho yake akasimama uwanjani mbele ya watu wapatao 14,000, akamwimbia Kim wimbo wa siku ya kuzaliwa, kisha akainama sana kuelekea jukwaa kuu. Nusu ya kwanza Wakorea walishinda 47 kwa 39, halafu timu zikachanganywa, naye Rodman akapanda jukwaani kukaa na mwenyeji wake. Tarehe 9 aliomba radhi kwa yale mahojiano, akisema alikuwa amekunywa pombe, na siku chache baadaye aliingia kituo cha kutibu ulevi. Charles Smith aliwaambia waandishi kwamba anajutia jinsi lengo lao lilivyofunikwa. Kamishna wa NBA, David Stern, alisema ligi haihusiki na safari ile, na kwamba ingawa mara nyingi michezo huunganisha watu, hii si mojawapo ya mara hizo.

Kwa hiyo mwambie rafiki yako kwamba kilichowachoma watu zaidi kilikuwa maneno dhidi ya mfungwa. Umma una uvumilivu mkubwa kwa mgeni anayekwenda kucheza. Hata akinyamaza, wengi watamvumilia wakijua yuko mikononi mwa wenyeji. Lakini mtu aliye huru akimlaumu mtu aliyefungwa, huku akitabasamu na aliyemfunga, hakuna anayebaki upande wake. Dada yake Bae, aliyekuwa akimpigania ndugu yake kwa zaidi ya mwaka, alisema wazi kwamba hapa panachezewa maisha ya mtu. Baada ya kauli hiyo, maelezo yoyote ya "diplomasia ya mpira" hayakusikika tena.

Sasa tuje kwa sehemu isiyoepukika. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Katika udikteta lazima uulize mwenyeji yupi anayepona. Anayekualika si mashabiki wala chama cha mpira, hata kama barua ina nembo ya chama. Ni dola, na dola hiyo ndiyo inayomiliki kamera, gazeti, redio na orodha ya watakaoingia uwanjani. Picha moja ya jabali wa michezo wa nchi adui akimwinamia kiongozi haihitaji maelezo kwa raia wa kawaida: hata Wamarekani wanamheshimu. Kwa Kim, aliyekuwa ametoka kuua mtu wa ndani ya ukoo wake, picha ya namna hiyo ilikuwa na thamani kubwa, na hakuilipia kitu zaidi ya malazi na karamu. Rodman angeweza kutosema lolote baya na bado picha ile ingetumika. Huwezi kuomba ifutwe, huwezi kuchagua maneno yatakayoandikwa chini yake.

Hapa ndipo inapoeleweka pia kwa nini urafiki ule haukumfungua Bae. Korea Kaskazini ina mazoea ya kuwaachia Wamarekani inaowashikilia kwa bei maalumu: ujio wa mtu mwenye cheo, unaoonekana kama heshima ya taifa kwa taifa. Agosti 2009 Bill Clinton alikwenda na kurudi na waandishi wawili wa habari, Laura Ling na Euna Lee. Tazama picha ya siku ile: Clinton amekaa kando ya Kim Jong Il, baba wa Kim Jong Un aliyetawala wakati huo, uso umekauka, hakuna hata dalili ya tabasamu. Alijua picha ndiyo malipo, akatoa kiasi kile kile kilichodaiwa bila kuongeza senti. Mwaka 2010 Jimmy Carter akamtoa Aijalon Gomes. Mchezaji mstaafu hana cheo cha kubadilishana na mfungwa, kwa hiyo anapokea ukarimu na mwenyeji anabaki na mfungwa wake. Februari 2014, mwezi mmoja baada ya wimbo wa siku ya kuzaliwa, Pyongyang ilifuta tena ziara ya Robert King. Bae aliachiwa tarehe 8 Novemba 2014, pamoja na Matthew Miller, baada ya James Clapper, mkuu wa idara za ujasusi za Marekani, kwenda akiwa na barua ya Rais Obama.

Haki lazima itendeke kwa pande zote mbili. Mwaka 2016 Bae mwenyewe alimshukuru Rodman hadharani, kwa kuwa mlipuko wake CNN ulilifanya jina la Bae lijulikane kwa watu ambao hawakuwahi kulisikia, na shinikizo likaongezeka. Hilo ni kweli na rafiki yako ana haki ya kulitaja. Lakini ni faida iliyotokana na ubaya wa kauli, haikutokana na urafiki. Huwezi kuipanga na kuitegemea. Vivyo hivyo kuhusu Otto Warmbier, Mmarekani aliyekuwa kifungoni kule: Rodman alifika Pyongyang tarehe 13 Juni 2017, siku ile ile mwanafunzi huyo aliporudishwa kwao akiwa hana fahamu, na wengi wakaunganisha mambo hayo mawili. Serikali ya Marekani ilisema hayahusiani. Aliyekwenda kumchukua ni mjumbe Joseph Yun. Warmbier alifariki tarehe 19 Juni.

Kuhusu sheria, hapa rafiki yako amepatia kwa sehemu. Mwaka 2013 na 2014 Mmarekani aliruhusiwa kwenda Korea Kaskazini. Zuio la kutumia pasipoti ya Marekani kule lilianza tarehe 1 Septemba 2017, baada ya kifo cha Warmbier, na limekuwa likiongezwa muda. Wapo waliotaka Rodman ashtakiwe kwa Sheria ya Logan ya mwaka 1799, inayomkataza raia kufanya mazungumzo na serikali ya kigeni kwa niaba ya nchi bila idhini. Sheria hiyo imezaa mashtaka mawili tu, mwaka 1803 na 1852, na hakuna aliyewahi kutiwa hatiani. Ni tishio la maneno kuliko la mahakama.

Hatari ya kweli ya kisheria iko kwenye mizigo na malipo. Azimio 1718 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la Oktoba 2006, linakataza kuipelekea Korea Kaskazini bidhaa za anasa, na kila nchi hutunga orodha yake. Orodha ya Marekani inataja vileo, manukato, saa za kifahari na hata vifaa vya michezo ya burudani. Mwaka 2013 Uswisi ilizuia mauzo ya mitambo ya kupandisha watelezaji theluji mlimani kwa sababu hizo hizo. Mwaka 2000, Madeleine Albright, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, alimpelekea Kim Jong Il mpira wa kikapu wenye saini ya Michael Jordan na haikuwa shida; baada ya 2006, chupa ya pombe ya zawadi inaweza kumfikisha mtu kwa mwendesha mashtaka. Mchezaji anayebeba viatu vipya kumi na mbili "vya kugawa" hana habari kwamba amebeba kesi.

Sasa orkestra. New York Philharmonic ilipiga Pyongyang tarehe 26 Februari 2008, na si kweli kwamba hakuna aliyeizomea. Walikuwapo waliopinga, ila hawakuwa wengi na hoja yao haikupata kuni za kuwashia. Serikali ya Marekani ilijua na iliunga mkono, katikati ya mazungumzo ya nyuklia. Nyimbo za taifa za nchi zote mbili zilipigwa ukumbini, na onyesho lilirushwa moja kwa moja kwa wananchi wa Korea Kaskazini. Kim Jong Il hakuhudhuria. Yaani muziki uliwafikia raia, na hapakuwa na picha ya kumtukuza mtu mmoja. Tofauti hiyo ndiyo kipimo kizuri kuliko vyote ninavyoweza kukupa: zawadi ya mgeni imetua kwa watu, au imetua kwa mtu?

Michezo imewahi kufungua njia. Aprili 1971 timu ya tenisi ya meza ya Marekani ilialikwa China kutoka mashindano ya dunia yaliyokuwa Nagoya, Japani, na Februari 1972 Rais Nixon akafika Beijing. Lakini serikali zote mbili zilikuwa tayari zinatafutana kimya kimya. Wachezaji waliusukuma mlango uliokuwa umeachwa wazi kidogo. Muhammad Ali alikwenda Baghdad mwishoni mwa 1990, dhidi ya matakwa ya wengi, akarudi na mateka 15. Yeye alikwenda kwa ajili ya mateka, alisema hivyo tangu mwanzo, na watu wakampokea vizuri. Huyo huyo Ali mwaka 1980 alitumwa na Rais Carter barani Afrika kushawishi nchi zisusie Olimpiki ya Moscow, na Mwalimu Nyerere alikataa kumwona Dar es Salaam. Umaarufu wa ulingoni haukutosha pale ambapo ujumbe wenyewe haukuwa na uzito.

Kwa hiyo akubali au asikubali? Kama mechi imepangwa siku ya kuzaliwa ya kiongozi, sikukuu ya chama au maadhimisho ya jeshi, ushauri wangu ni akatae bila kujadili, hata wakimlipa vizuri. Hapo hakuna mchezo, kuna sherehe na yeye ni pambo. Kama raia wa nchi yake wanashikiliwa kule kwa sasa, awasiliane kwanza na familia zao. Wakisema asiende, asiende. Wakisema aende na alitaje jina, basi alitaje, kwa sentensi mbili alizoziandika kabla ya safari na kuzikariri. Ziwe na jina la mfungwa na ombi aachiwe kwa huruma, bila neno lolote juu ya hatia.

Ikiwa tarehe ni ya kawaida na hakuna mfungwa, njia ya katikati ipo: aombe kwa maandishi kwamba sehemu kubwa ya ziara iwe mafunzo kwa vijana na makocha, mechi iwe jambo la mwisho, na wachezaji wachanganywe. Aulize tiketi zinagawiwa na nani. Aulize kama atatakiwa kutoa hotuba, zawadi au salamu jukwaani, na kama jibu ni "tutaona huko huko", alichukue hilo kama ndiyo. Barua ya mwaliko isiyotaja jina la anayelipa ni kasoro kubwa: nauli iliyolipwa na taasisi iliyo kwenye vikwazo inaweza kumfungia akaunti ya benki akirudi. Asibebe zawadi yoyote ambayo mwanasheria hajaiona. Asibebe vitabu vya dini vya kugawa wala kuacha mahali. Mwaka 2014 mtalii Mmarekani, Jeffrey Fowle, alishikiliwa miezi kadhaa Korea Kaskazini kwa kuacha Biblia kwenye klabu. Asinywe pombe muda wote wa ziara, na asikubali mahojiano ya moja kwa moja akiwa bado ndani ya nchi hiyo. Huko hana uhuru wa kujibu ukweli, na akijibu uongo utamfuata nyumbani. Aseme atazungumza akisharudi, kisha azungumze kweli.

Na ajiandae kwamba hata akifanya yote haya, wapo watakaomkasirikia, na baadhi yao watakuwa waliokimbia nchi hiyo au wenye ndugu makambini. Hao asibishane nao. Tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Jaji Michael Kirby ilikadiria, Februari 2014, kwamba watu kati ya 80,000 na 120,000 walikuwa katika makambi manne ya wafungwa wa kisiasa Korea Kaskazini. Mtu aliyetoka humo ana haki ya kutotaka kuona picha ya mgeni akicheka na mwenye funguo.

Yapo ambayo mimi siwezi kuyamaliza kwa maandishi. Rafiki yako akae ana kwa ana na mwanasheria anayeshughulika na vikwazo vya kimataifa, si wakili yeyote tu wa mikataba, na ampelekee barua ya mwaliko, jina la mlipaji, ratiba na orodha ya mizigo. Aende pia dawati la nchi husika kwenye wizara ya mambo ya nje ya nchi iliyompa pasipoti, aulize nani atamsaidia akikamatwa. Nchi nyingi hazina ubalozi katika maeneo kama hayo. Marekani, kwa mfano, hutegemea ubalozi wa Uswidi mjini Pyongyang. Kama ana pasipoti mbili, aulize ni ipi itakayotambuliwa kule, maana baadhi ya tawala huhesabu uraia mmoja tu. Na kama bado ana mkataba na ligi, klabu au kampuni ya viatu, kipengele cha tabia njema kisomwe kabla hajajibu mwaliko. Akiwa na majibu ya wote hao mkononi ndipo asaini, au aandike barua fupi ya kukataa kwa heshima bila kueleza sababu.